Mgonjwa wa saratani akivimba mguu mmoja: nini kinatokea kwenye damu?

Mgonjwa wa saratani amerudi nyumbani Unguja baada ya matibabu Dar es Salaam. Siku chache baadaye mguu wake mmoja unavimba na kuuma. Mmoja anasema ni uchovu wa boti, mwengine anasema ni matende, na wa tatu anakwenda kumwita mtu wa kuchua. Leo tunaeleza kwa nini mguu huo unahitaji daktari siku hiyo hiyo, na kwa nini usichuliwe.

Damu huganda vipi?

Ukijikata kisu unapotengeneza samaki, damu hutoka kisha huganda. Kazi hiyo huanzishwa na protini inayoitwa tishu fakta. Kwa kawaida protini hii hukaa kwenye seli zilizo nje ya mshipa wa damu, kwa hiyo haikutani na damu. Mshipa ukikatika, damu inaifikia. Hapo tishu fakta hushikana na protini nyengine iliyomo kwenye damu, na hatua moja huamsha nyengine mpaka jeraha linazibwa.

Saratani inaingiaje hapo?

Seli nyingi za saratani hutengeneza tishu fakta kupita kiasi, na nyengine huimwaga kwenye damu. Damu inapata amri ya kuganda wakati hakuna jeraha. Donge likikaa kwenye mshipa wa ndani wa mguu, damu inashindwa kurudi juu na mguu unavimba. Donge hilo likichomoka, linaweza kwenda kwenye mapafu na kuua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 daktari wa Ufaransa, Armand Trousseau, alieleza kuwa damu kuganda bila sababu inaweza kuwa dalili ya saratani iliyojificha. Baadaye dalili hiyo ilimtokea yeye mwenyewe. Alifariki kwa saratani mwaka 1867.

Aina mbili za protini moja

Tishu fakta ya kawaida imetia nanga kwenye utando wa seli, kama ngalawa ufukweni. Lakini mwaka 2003 watafiti walieleza aina ya pili. Maelekezo ya kutengeneza protini hii yana sehemu sita. Seli ikiruka sehemu ya tano, inatoka protini isiyo na nanga, inayoweza kuelea kwenye damu.

Aina hii ina uwezo mdogo wa kugandisha damu. Hatari yake iko kwengine: tafiti za maabara zimeonesha kuwa huchochea mishipa mipya ya damu kuota, na uvimbe wa saratani hukua kwa kulishwa na mishipa hiyo. Imeonekana kwenye saratani ya matiti na ya kongosho.

Elimu hii imeanza kuzaa dawa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tisotumab vedotin kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyorudi au kusambaa. Dawa hiyo huitafuta tishu fakta kwenye seli ya saratani, kisha huingiza sumu ndani ya seli hiyo. Kwetu, ambako saratani hii inaongoza kwa wanawake, kinga bado ndiyo njia bora: chanjo ya HPV kwa wasichana, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na uchunguzi kwa wanawake.

Ni matende au ni donge?

Matende huvimbisha mguu polepole, kwa miezi na miaka. Donge la damu huvimbisha kwa saa au siku. Angalia dalili hizi:

- Mguu mmoja kuvimba, hasa shavu la mguu, ukawa na maumivu au joto.
- Ngozi ya mguu kubadilika rangi.
- Pumzi kukata ghafla, kifua kuuma ukivuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai. Hii ni dharura, usisubiri asubuhi.

Si kila mwenye mguu uliovimba ana saratani. Ujauzito, upasuaji na kulala kitandani muda mrefu pia huleta donge.

Ufanye nini?

Usichue wala kukanda mguu huo, kwa sababu donge linaweza kuchomoka. Nenda hospitali. Mwambie daktari mapema kuwa mgonjwa ana saratani, na chukua karatasi zake zote, ziwe za Mnazi Mmoja au za Ocean Road. Kipimo cha ultrasaundi huonesha donge bila kukata ngozi.

Akipewa dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache mwenyewe hata uvimbe ukipungua. Asichanganye na aspirini wala dawa za miti shamba kabla ya kumuuliza daktari, maana anaweza kutokwa na damu nyingi. Na katika safari ya boti au gari, kama ana nguvu, ainuke atembee kidogo, anywe maji, na achezeshe nyayo anapokaa.