Ziwa Victoria, Madoa ya Jua na Swali la Kutabiri

Baada ya mafuriko au ajali majini, waumini wa kando ya ziwa hutuuliza kama kila jambo lilikwisha kuamuliwa. Wengine huongeza: je, fizikia ya kwanta imethibitisha hivyo, au imekanusha? Historia ya ziwa letu yatusaidia kujibu.

Kimo cha Ziwa Victoria kimepimwa tangu 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba maji yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, yenye mzunguko wa miaka 11 hivi. Ilidhaniwa kwamba mwenye kuhesabu madoa angeweza kulitabiri ziwa. Lakini kabla ya miaka ya 1920 kwisha, uhusiano huo ulivunjika. Kisha, kati ya 1961 na 1964, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, hali madoa yakipungua.

Mwaka 1963 Edward Lorenz, huko Marekani, alionyesha kwamba hata mwendo wa hewa unaofuata kanuni thabiti hautabiriki mbali, kwa kuwa tofauti ndogo mno ya mwanzoni hukua. Basi kutawaliwa na kanuni si sawa na kutabirika.

Fizikia ya kwanta yaenda mbali zaidi. Mlinganyo wa Schrödinger wa 1926 hauna bahati nasibu ndani yake. Lakini Max Born alieleza mwaka huohuo kwamba hutupatia uwezekano tu wa kitakachopimwa. Twajua nusu ya atomi nyingi za urani zitabadilika katika muda gani. Atomi hii moja itabadilika lini, hatuwezi kusema. Mwaka 1952 David Bohm alitoa maelezo ambamo njia ya kila chembe imekwisha kuamuliwa, ila hayo nayo hayatuongezei uwezo wa kutabiri. Kwa hiyo kutabiri kila jambo hakuwezekani. Kuamuliwa kungali kunajadiliwa.

Mhubiri, basi, asidai kwamba sayansi imethibitisha uhuru wa mwanadamu, kwa maana bahati ya atomi si uhuru. Luther, alipomjibu Erasmus mwaka 1525, alisimama juu ya mapenzi na ahadi ya Mungu, wala hakuhitaji mwendo wa chembe. Aliyefiwa ziwani asiambiwe kwamba fizikia yashuhudia kifo kile kilikuwa lazima. Ushahidi huo haupo. Naye anayejaza chombo kupita kiasi asijikinge kwa kusema yaliandikwa.