Kiondo, Mabati na Jina la Msusi



Kamati imeniomba ukurasa wa historia mwaka huu uwe juu ya ususi wa viondo, kwa kuwa sehemu ya mchango wetu itakwenda kwenye chumba cha mafunzo ya kazi za mikono. Nimekubali kwa furaha, na pia kwa sababu nina deni. Mimi ni mmoja wa watoto waliolipiwa karo kwa viondo. Nyanya yangu alisuka, mama akapeleka sokoni, mimi nikakaa darasani. Kiondo chake cha mwisho bado ninacho. Ukikigeuza juu chini, ndani nje, hutaona jina lake popote. Jambo hilo ndilo nitakalolirudia mwishoni.

Nyuzi za kichakani

Zamani kiondo hakikuanzia dukani, kilianzia kichakani. Wanawake wa Kikuyu walikata matawi ya mũgio, kichaka ambacho gome lake lina nyuzi imara. Gome liliambuliwa, likatafunwa mpaka likalainika, kisha nyuzi zikasokotwa kwa kiganja juu ya paja zikawa uzi mmoja mrefu. Ndugu zetu Wakamba, ambao nchi yao ina mibuyu, walitumia gome la mbuyu kwa namna hiyo hiyo. Rangi zilitoka kwenye mizizi, magome, udongo na masizi.

Kazi ilianzia kwenye kitako. Nyuzi chache zilifungwa pamoja katikati, zikatawanyika kama miale ya jua. Kisha nyuzi mbili zikazungushwa, zikipishana mbele na nyuma ya kila mwale. Duara lilipopanuka, miale mipya iliongezwa. Msusi alipotaka ukuta upande juu, aliacha kuongeza. Hakuna aliyechora kwanza kwenye karatasi. Hesabu yote ilikuwa kichwani, na mikono iliweza kuendelea hata mwenye kazi akiwa njiani kwenda shambani au akipiga gumzo na jirani.

Kiondo kilibeba mahindi, maharagwe, njahi na viazi, kikining'inia mgongoni kwa ukanda wa ngozi, mũkwa, uliopita kwenye paji la uso. Kilikuwa kipimo cha nafaka na kilikuwa zawadi. Mwanamke alipojifungua, wenzake hawakwenda kumwona mikono mitupu. Na kijijini haikuhitajika kuandika jina la aliyekisuka. Watu walitambua mkono: huyu hukaza sana, yule hupenda mistari myembamba, yule mwingine ukingo wake haulegei kamwe.

Mkonge waja

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliletwa na mmea wa kigeni. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, kwa ajili ya koloni la Ujerumani lililo Tanzania ya leo. Iliyofika hai ni 62 tu, lakini hiyo ilitosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ulikuwa umeingia Kenya. Ulianza kama mali ya mashamba makubwa ya walowezi, ukaishia kuwa ua la mipaka ya shamba la kila mtu.

Kwa msusi, mkonge ulikuwa jirani mwema. Haukuhitaji kutafutwa porini. Jani lake hukwanguliwa nyama, likabaki katani ndefu, nyeupe, inayoshika rangi vizuri. Rangi za dukani zilipofika, viondo vikawa na wekundu, zambarau na kijani ambacho hakuna mzizi uliowahi kutoa.

Wakati huo huo mũgio ulikuwa unapungua. Miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wakazi wa Mkoa wa Kati zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro. Kwenda kichakani kwa hiari yako hakukuwezekana tena. Amri zilipoondolewa, ardhi ilikuwa imepimwa na kugawanywa upya, na mahali palipokuwa na vichaka pakapandwa kahawa na majani ya chai. Sisemi kahawa ilikuwa kosa. Wengi wetu tulisoma kwa kahawa. Nasema tu kwamba kila badiliko la ardhi lilifika mpaka kwenye mikono ya msusi, na yeye hakulalamika. Alibadilisha uzi akaendelea.

Soko la dunia

Katika miaka ya 1970 kiondo kilivuka bahari. Watalii walikinunua Nairobi, wafanyabiashara wakakiongezea mikanda ya ngozi na bitana ndani, kikawa mkoba wa mabegani wa wanawake wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1975 Umoja wa Mataifa ulitangaza Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na muongo uliofuata ukafungwa kwetu, Nairobi, Julai 1985. Kando ya mkutano rasmi, kongamano la mashirika lililofanyika Chuo Kikuu cha Nairobi lilikusanya watu wapatao 14,000. Wageni wengi walirudi makwao na kiondo begani.

Kwa vikundi vya akina mama hicho kilikuwa kipindi cha neema, lakini hakikudumu. Katika miaka hiyo ya 1980 viwanda vya Asia ya Mashariki vilianza kutoa mikoba iliyofanana na kiondo, iliyotengenezwa kwa mashine, kwa bei ambayo mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo. Umbo lilikuwa letu, faida haikuwa yetu. Na sisi hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ni letu.

Somo hilo halikusahaulika kabisa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara huko kwao, Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi hilo likaangushwa. Wasusi wa Taita nao wamejiunga na kulinda jina la vikapu vya Taita kama alama yao. Nyanya zetu hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba jina ni mali.

Akina mama wa mabati

Hapa niruhusuni niache kiondo kidogo nizungumzie paa, maana habari hizi mbili zitakutana.

Baada ya Uhuru, nyumba nyingi za kwetu bado zilikuwa za nyasi. Nyasi zilizidi kuwa haba, na paa la nyasi halikusanyi maji ya mvua. Akina mama wakafufua desturi ya ngwatio, ya kufanyiana kazi kwa zamu, wakaigeuza kuwa chama cha akiba. Walilima vibarua, waliuza mazao na kazi za mikono, wakaweka pesa pamoja, na kwa zamu kila mwanachama akaezekewa nyumba yake kwa mabati. Walizimaliza nyumba zote, wakaanza kununua matangi ya maji. Watu wakawaita akina mama wa mabati, na jina likashika.

Kiondo na bati vilikuwa katika mikono ile ile. Mwanamke aliyesuka jioni ndiye aliyesimama kesho yake akitazama bati jipya la jirani likimeta juani. Miaka ikapita, bati likashika kutu, likawa na madoa mekundu na ya kahawia kama rangi za mizizi ya zamani.

Kutoka kikapu hadi sanaa

Kule Ulaya na Marekani, wakati huo, watu walikuwa wakibishana kama kazi ya nyuzi inaweza kuitwa sanaa. Mwaka 1969 jumba la Museum of Modern Art la New York lilifanya maonyesho ya kazi za nyuzi zilizotundikwa ukutani. Mwaka 1973 msanii Ed Rossbach alichapisha kitabu kilichotetea kikapu kama sanaa. Kusini mwa Marekani, katika jimbo la South Carolina, vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani walikuwa wameendelea kushona vikapu vya nyasi tangu enzi za mashamba ya mpunga. Mmoja wao, Mary Jackson, aliyefundishwa na mama yake na nyanya yake akiwa mtoto, aliyachukua maumbo yale ya kale akayapanua na kuyapinda apendavyo. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya MacArthur, mojawapo ya tuzo kubwa za Marekani. Nao wana shida tunayoijua: nyasi zao ziliota pwani, na pwani imejengwa nyumba na hoteli.

Kwa upande wetu, mtu wa kumtaja ni Naomi Wanjiku Gakunga. Alizaliwa Kenya mwaka 1960, akakua kati ya wanawake waliosuka, akasoma Chuo Kikuu cha Nairobi kisha Los Angeles, na sasa makao yake ni San Antonio, Texas. Hakusuka kiondo akakiita sanaa. Alichukua vitu viwili vya utoto wake, mkono wa msusi na bati la akina mama, akaviunganisha. Huliacha bati kwenye maji na hewa mpaka lishike kutu na kutoa rangi zake lenyewe, kisha huliunganisha kwa waya kama vile mama anavyopitisha uzi. Waya huo hufumwa na kuzungushwa kwa mbinu ambazo nyanya yangu angezitambua mara moja, ingawa pengine angeuliza kitu hicho kitabeba nini.

Mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la October Gallery, London, kwa jina la Ituĩka. Wazee wetu wanajua uzito wa neno hilo. Ituĩka ilikuwa sherehe ya kukabidhiana uongozi, rika la Mwangi kwa rika la Maina na tena kinyume chake. Iliyofuata ilipokaribia, katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliizuia. Kwa hiyo alipochagua jina hilo, hakuwa akizungumzia kubadilisha katani kwa chuma peke yake. Alikuwa akiuliza kizazi kimoja hukabidhi nini kwa kingine, na nani hupokea.

Jina

Sasa nirudi kwenye kiondo cha nyanya. Wengine husema tofauti kati ya kazi ya mikono na sanaa ni ustadi. Sikubali. Ustadi ulikuwepo tangu mũgio. Wengine husema ni matumizi, kwamba kikapu hubeba viazi na sanaa hukaa ukutani. Hilo lina ukweli kidogo. Lakini tofauti inayoumiza mfuko ni nyingine: kazi iliyotundikwa London imeandikwa jina la aliyeifanya, na kiondo kinachouzwa London hakina. Kijijini hakikuhitaji, kwa sababu mkono ulijulikana. Kilipopanda lori kikatoka kijijini, ule ujuzi wa majirani haukupanda nacho. Kikawa kiondo tu, na kitu kisicho na mwenyewe hununuliwa kwa bei ya atakayeuza kwa bei ya chini kuliko wote.

Sitegemei kila msichana wa kwetu awe msanii wa kimataifa. Wachache watafika huko, na wasusi wengi watasuka viondo vya kwenda sokoni, jambo ambalo ni la heshima. Tena soko lipo. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, watu wengi wamerudi kutafuta kikapu. Lakini msanii na mfanyabiashara wote wanaanzia mahali pamoja, kwenye kitako cha nyuzi chache zilizofungwa na mtu anayejua. Mtu huyo akiondoka bila kufundisha, hakuna kitakachobadilishwa kuwa sanaa wala kitakachopelekwa sokoni.

Ndiyo sababu nimeomba mambo matatu yawe katika mpango wa chumba kile. La kwanza, akina nyanya waliobaki walipwe kwa kufundisha, wasiombwe kujitolea. Mwalimu wa hesabu hajitolei. La pili, mũgio upandwe kando ya uwanja wa chumba, ili watoto waone uzi unatoka wapi kabla ya kuununua. La tatu, kila kiondo kitakachotoka pale kiwe na kipande kidogo cha ngozi ndani, chenye jina la msusi na la kijiji chake. Gharama yake ni ndogo, na hakuna mashine itakayoweza kukiiga kwa haki.

Bahasha ya mchango imo ndani ya kijitabu hiki. Akina mama wa mabati walianza na pesa ndogo kuliko tulizo nazo sisi leo, na hawakumwacha mwanachama hata mmoja bila paa. Tuchange kwa moyo ule ule.

Nami nimepeleka kiondo cha nyanya kwa fundi wa ngozi. Kitarudi na jina lake ndani, na siku ya harambee nitakuja nacho mkikione.