Jino la McTigue na miaka 100 ya kinga ya meno

Ifikapo Machi 3, 2027, itatimia miaka 100 tangu jino la bondia Mike McTigue livunjike katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Usiku ule alikuwa anazipiga na Jack Sharkey. Madaktari wa meno walioandika historia ya fani yao wanasema McTigue ndiye aliyekuwa mbele. Lakini jino lililovunjika huacha ncha, na ncha ile ikageuka wembe ndani ya kinywa chake mwenyewe. Mdomo ulichanika, damu ikakataa kukatika, na raundi ya 12 pambano likasimamishwa. Ushindi akapewa Sharkey, ambaye mwaka 1932 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

McTigue hakuwa bondia wa kuokoteza. Miaka minne kabla ya hapo, mjini Dublin, alimpokonya ubingwa wa dunia Battling Siki, Msenegali wa kwanza kuutwaa. Mtu aliyehimili raundi 20 mbele ya Siki aling'olewa ulingoni na kipande cha jino.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ya janga lile ilikuwepo tayari, na ilikuwa na umri wa miaka 37.

Mwaka 1890, daktari wa meno wa London aitwaye Woolf Krause alichoka kuona mabondia wakija kwake na midomo iliyopasuliwa na meno yao wenyewe. Akachukua vipande vya gutapecha, akawa anavibandika juu ya meno ya mbele ya bondia kabla hajapanda ulingoni. Gutapecha ni utomvu wa mti wa huko Malaya: ukipashwa moto hulainika, ukipoa hukaza. Sisi wa pwani tuna undugu na kitu hicho bila kujua. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari hadi kufika Zanzibar mwaka 1879 ulivikwa gutapecha maji yasiupenye, na hadi leo madaktari wa meno huitumia kuziba mzizi wa jino.

Mtoto wa Krause, Philip, alirithi kazi ya baba yake, na yeye mwenyewe alikuwa bondia wa ridhaa. Aliyajua maumivu kwa pande zote mbili, kwenye kiti cha daktari na ndani ya kamba. Ndiye aliyetengeneza kinga ya mpira inayovaliwa, kuvuliwa, kuoshwa na kuvaliwa tena. Mteja wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Ted "Kid" Lewis, kijana wa Kiyahudi wa mashariki ya London, jina lake la kuzaliwa Gershon Mendeloff.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Lewis na Jack Britton wa Marekani walipigana mara 20, tangu mwaka 1915 hadi 1921. Ubingwa wa dunia wa uzito wa welta walikuwa wakipokezana kama watu wawili wenye shuka moja usiku wa baridi. Mwaka 1919 Britton alimwangusha Lewis kwa knockout na kuuchukua mkanda. Februari 7, 1921, Lewis alikuja New York kuudai. Mdomoni alikuwa na kinga yake ya mpira.

Meneja wa Britton, Dan Morgan, akaja juu. Hoja yake ilikuwa kwamba kile ni kitu cha kigeni, hakimo katika kanuni, na kinampa Lewis faida asiyostahili. Waliokuwa na mamlaka wakakubaliana naye. Lewis akatakiwa kuiweka kando kinga yake. Zikapigwa raundi 15, Britton akashinda kwa pointi, na huo ukawa mwisho wa mapambano yao 20. Hata jengo walilopigania, Madison Square Garden ya zamani, lilibomolewa mwaka 1925, na ukumbi mpya wa jina lile lile, uliokuja kumshuhudia McTigue akitoka damu, ukajengwa kwingine.

Hoja ya Morgan inafaa kupimwa kwa utulivu. Pambano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa ngumi tupu lilipigwa mwaka 1889, John L. Sullivan dhidi ya Jake Kilrain. Baada ya hapo glavu zikatawala. Glavu hukinga kwanza vidole na vifundo vya mpigaji. Basi mchezo ulioruhusu ngozi mkononi kumlinda anayepiga ndio uliokataza mpira mdomoni kumlinda anayepigwa. Haki gani hiyo? Ilibidi damu ya McTigue imwagike ndipo wakubwa wa ngumi wakubali, na kuanzia hapo kinga ikawa sehemu ya vazi la bondia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1947 Rodney Lilyquist, daktari wa meno wa Los Angeles, alitengeneza kinga angavu ya akriliki, na wachezaji wa mpira wa kikapu na wa futiboli ya Kimarekani wakaanza kuivaa. Mwaka 1960 chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilipendekeza kinga kwa michezo yote ya kugongana. Mwaka 1962 ikawa lazima kwa wanafunzi wa sekondari za huko wanaocheza futiboli yao, na mwaka 1973 ikawa lazima vyuoni.

Kinga ya usiku, ile ya wanaosaga meno usingizini, ina ukoo wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Moritz Karolyi wa Vienna alihusisha kusaga meno na ugonjwa wa fizi, akawavalisha wagonjwa wake kinga ya mpira mgumu walalapo. Kwetu mtoto akisaga meno usingizini, bibi husema ana minyoo. Kinga hiyo haiponyi tabia ya kusaga, lakini hukubali kuliwa yenyewe ili jino lisiliwe.

Ya ulingoni nayo hufanya kazi bila miujiza. Hutawanya nguvu ya pigo isiangukie jino moja, huweka midomo na mashavu mbali na makali ya meno, na huzuia taya la chini lisigonge la juu kwa kishindo. Sharti lake ni moja: iukae mdomo wa mwenyewe. Ndiyo maana iliyo bora hutengenezwa na daktari kwa kuchukua umbo la meno yako, na ile ya dukani hulainishwa kwenye maji ya moto kisha ukaing'ata ikushike.

Sasa twende Manzese, Dar es Salaam. Jioni moja niliketi kwenye benchi la gym moja nikitazama vijana wakifanya sparring. Kwenye ndoo ya maji palikuwa na gamshildi tatu, yaani kinga hizo za ulingoni, na vijana walikuwa zaidi ya kumi. Mmoja alishuka, akaitema yake kiganjani, akaisuuza, akampa anayefuata. Niliiomba niione. Ndani yake meno ya mtu yalikuwa yamechora safu nzima, hadi pengo la jino la pembeni. Aliyepokea hakuwa na pengo hilo. Aliivaa, akaibana kwa ulimi isimdondoke, akapanda ulingoni.

Hii ndiyo nchi iliyomtoa Titus Simba, medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, na Michael Yombayomba, dhahabu ya Kuala Lumpur 1998. Mwaka 2024 wenzetu wa raga ya kimataifa walianza kuvaa kinga zenye vifaa vya kupima kishindo cha kichwa. Sisi hatujafika hata kwenye 1927, kila bondia na gamshildi yake. Promota anapata fedha ya mabango na ya taa. Apate na ya gamshildi ya kila kijana, na kocha akague kila mdomo kama anavyokagua bandeji.

Nilipoondoka gamshildi ile ilikuwa imerudi kwenye ndoo, na kijana wa nne alikuwa anainama kuichukua.