Redio ya kisasa katika pikapu ya Land Rover Series

Kufunga redio ya stereo ya kisasa katika pikapu ya kale ya Land Rover ni kazi ya umeme kwanza. Muziki huja baadaye. Makala hii inahusu Series II (1958–1961), Series IIA (1961–1971) na Series III (1971–1985), magari yaliyoundwa Solihull, Uingereza, na ambayo mengine bado yanabeba mizigo mashambani na mbugani Afrika Mashariki. Yanatumia volti 12 sawa na redio za leo, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani kilichobaki ni kuunga waya tu.

Tatizo kubwa ni athi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi. Hadi 1967 Land Rover hizi zilifunga chanya kwenye bodi. Redio ya kisasa imeundwa kwa hasi: kasha lake la chuma limeungana na waya wake mweusi. Ukiifunga katika gari la athi chanya kwa kugeuza waya, kasha likigusa dashibodi tu, betri nzima inapiga shoti kupitia ule waya mweusi, ambao kwa kawaida hauna fyuzi. Fyuzi iko kwenye waya wa njano. Wapo wanaolizungushia kasha raba wakaamini wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu waya wa antena nao una wavu wa nje uliounganishwa na kasha, na antena imefungwa kwa nati kwenye madigadi. Shoti inapitia huko huko.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti, ufuate kebo nene inayotoka kwenye betri hadi kwenye bodi au chesisi, kisha usome alama ya terminali ilikotoka. Mwaka wa gari usikutoshe, maana mengi yaligeuzwa zamani na mafundi ambao hawakuacha maandishi.

Kugeuza athi kuwa hasi ni kazi ya nusu siku. Betri hugeuzwa, na kwa kuwa terminali ya chanya ni nene kuliko ya hasi, vibano vya kebo huenda vikahitaji kubadilishwa. Waya mbili ndogo za koili hubadilishana nafasi, na za ampmita pia, kama ipo. Taa na starta havijali mwelekeo wa umeme. Dainamo ndiyo inayojali. Zifungue waya zake mbili, D na F, kisha chukua kipande cha waya kutoka terminali ya chanya ya betri, ukiguse kidogo kwenye F. Cheche itaruka, sekunde moja inatosha. Sumaku iliyobaki ndani ya dainamo imepata mwelekeo mpya, nawe unaweza kurudisha waya na kuwasha injini. Hatua hii isirukwe: dainamo isiyogeuzwa huzalisha umeme wa kinyume na kuunguza kontakti za kidhibiti chaji. Series III haina shida hii, kwani ilitoka kiwandani na athi hasi na alteneta.

Dainamo ya Lucas C40 ya magari ya awali hutoa takribani ampea 22 injini ikikimbia, na karibu hakuna kitu ikizunguka polepole gari limesimama. Taa kubwa peke yake hula kama nusu ya hizo. Kwa hiyo redio yenye amplifaya yake ya ndani inafaa; amplifaya ya pembeni na spika kubwa ya besi zitaimaliza betri kwenye foleni ya usiku. Usitishwe wala usivutiwe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Redio yenye fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 14 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 140 kwa mfululizo, hata boksi likidai 200.

Waya wa njano huenda kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, mwekundu kwenye suichi ya funguo, mweusi kwenye athi. Athi hiyo isitafutwe kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, hushika kutu nyeupe isiyopitisha umeme vizuri. Upeleke waya hadi chesisi iliyokwanguliwa rangi, au hadi betri yenyewe. Kila spika ipate waya zake mbili kamili kutoka kwenye redio. Zamani upande mmoja wa spika uliweza kufungwa kwenye bodi, lakini redio ya leo ikifungwa hivyo huua amplifaya yake.

Nafasi ya kawaida ya redio ni milimita 182 kwa 53, na dashibodi ya Series II haina tundu la ukubwa huo. Wengine huikata. Ni kosa, na bati lililokatwa halirudi. Kisanduku cha mbao au bati chini ya rafu ya dashibodi hushika redio na spika mbili vizuri, na siku ya kukiondoa hakiachi jeraha. Kama simu ndiyo itakayopiga muziki, amplifaya ndogo ya bluetooth inaweza kufichwa nyuma ya rafu bila kuonekana kabisa. Spika zisifungwe kwenye sanduku la viti kwa kutoboa hovyo: tangi la petroli limo humo, chini ya kiti cha mbele.

Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini hutoka kwenye dainamo, na kapasita ya kuzuia kelele kwenye terminali D huupunguza. Mkwaruzo wa tik-tik ni wa plagi. Waya za plagi zenye ukinzani huutuliza.

Fyuzi ya redio ikikatika mara mbili mfululizo, usiweke kubwa zaidi. Zima gari, chomoa betri, na utafute waya uliochubuka.