Mali ya Nani? Kanga, Kikoi na Fulana katika Historia ya Alama za Biashara

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hapa idarani kilipokuwa kikijiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, wanakamati walikubaliana kuchapisha fulana zenye maneno "Hakuna matata". Kabla ya fedha kutolewa, mmoja wao alisimama akasema kwamba maneno hayo yana mwenyewe Marekani, na kwamba tungeshtakiwa. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Sisi walimu tuliulizwa, nasi tukaona aibu kidogo kwa kuwa hatukuwa na jibu la haraka. Makala hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Kwanza tutenganishe istilahi, maana hata katika insha za wanafunzi wetu huchanganywa. Hataza hulinda uvumbuzi, yaani kifaa au njia mpya ya kutengeneza kitu. Hakimiliki hulinda kazi ya sanaa au ya maandishi, kama vile wimbo, riwaya au picha. Alama ya biashara hulinda jina au ishara inayomwezesha mnunuzi kujua bidhaa imetoka kwa nani. Maneno mawili matupu hayapati hakimiliki, kwa kuwa ni mafupi mno. Kwa hiyo suala letu ni la alama ya biashara.

Uingereza ilitunga sheria ya kusajili alama hizo mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama ya kwanza kuandikwa ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa. Kanga zake, au leso kama wasemavyo wenyeji wa huko, zilipata sifa pwani nzima, nazo huchapishwa maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Tunaomba walimu wenzetu wayatazame maneno hayo kwa jicho la lugha. Anayeinunua kanga ile huwa imekuwa mali yake, naye huivaa na kuitunza sandukuni, lakini nguo yenyewe inaendelea kutamka kuwa ni mali ya Abdulla. Hakuna anayebishana nayo. Kila mtu pwani anaelewa kwamba "mali ya" hapo maana yake ni "imetoka kwa". Hiyo ndiyo maana hasa ya alama ya biashara, na tungeshauri mfano huo utumike darasani kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria.

Ikumbukwe pia kwamba juu ya kanga hiyohiyo kuna jina, yaani ule usemi au methali inayochapishwa chini ya mji. Methali ni ya wote, na mfanyabiashara mwingine anaweza kuichapisha kesho. Jina la Abdulla hawezi. Kwenye kitambaa kimoja, basi, kuna maneno yenye mwenyewe na maneno yasiyo na mwenyewe, na wanunuzi hawajapata shida kuyatofautisha.

Matata yalianza nguo zetu zilipovuka bahari. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara huko. Wafanyabiashara na wanaharakati wa Kenya walishtuka, kwa sababu kama ombi lingekubaliwa, wauzaji wa vikoi kutoka Kenya wangeweza kuzuiwa kuiita bidhaa yao kwa jina lake katika soko la Uingereza. Wakisaidiwa na watetezi wa biashara ya haki nchini humo, waliweka pingamizi, na mwaka 2008 ombi hilo likakoma. Hoja ya msingi katika jambo la aina hii ni rahisi: kikoi ni jina la kitu, kama shati au kofia, na jina la kitu halipaswi kufungiwa na muuzaji mmoja. Kubadilisha herufi ya mwisho hakuligeuzi kuwa neno jingine. Hapa kamusi huwa ushahidi. Neno kikoi limo katika kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939, na mtu akitaka kuthibitisha matumizi ya zamani ataanzia humo.

"Hakuna matata" ni jambo tofauti, na hapa ndipo wengi wetu tulipokosea. Kampuni ya Disney iliwasilisha ombi lake Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, na usajili ukatolewa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Lakini maneno hayo yalikuwa yakisikika katika hoteli za pwani ya Kenya kabla ya filamu. Kundi la Them Mushrooms la Mombasa liliyatia katika wimbo "Jambo Bwana" mwaka 1982. Mwishoni mwa mwaka 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, alianzisha waraka wa kupinga usajili huo, na watu zaidi ya 100,000 wakautia saini. Kampuni ilijibu kwamba usajili wake haujapata kumzuia mtu kuyatumia maneno hayo.

Hasira hiyo tunaielewa, hata sisi tulikuwa nayo. Hata hivyo, sheria haiulizi neno limezaliwa wapi. Inauliza kama neno linaitaja au kuieleza bidhaa. Kikoi linaitaja. "Hakuna matata" haisemi lolote kuhusu fulana, kwa hiyo msajili hakuona kizuizi. Kwa maoni yetu huo ni upungufu wa sheria: inamlinda mnunuzi asichanganyikiwe, lakini jamii inayosema lugha haina kiti katika shauri hilo.

Kuhusu fulana zetu: ulinzi wa alama hufuata mipaka ya nchi. Usajili wa Marekani peke yake haufiki Kampala. Hapa hutawala Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, na anayetaka uhakika huomba daftari lipekuliwe katika ofisi ya usajili, URSB. Tuliwaeleza wanafunzi hivyo. Wakati huo walikuwa wamekwisha kubadili mawazo. Katika somo la mofolojia walikuwa wamejifunza kwamba matata, tatizo, utata na tatua ni ndugu wa shina moja, wakaamua kuandika kifuani "Matata yapo" na mgongoni "Tutayatatua". Fulana zilikwisha siku ileile, na wiki iliyofuata tukaziona za kuigiza zikiuzwa langoni. Wanakamati sasa wanatuuliza utaratibu wa kusajili.