Kazi za Juu kwa Kamba: Yanayopaswa Kufahamika Mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Viwanda vya kuchambua pamba, minara ya simu, matangi ya maji ya juu na majengo ya ghorofa vinahitaji kusafishwa, kupakwa rangi na kukarabatiwa, na si kila mahali panaposimamishika mirunda au kufikika kwa ngazi. Hapo ndipo mbinu ya kufanya kazi kwa kamba inapohitajika.

Mbinu hiyo haina uhusiano na desturi ya fundi kujifunga kamba ya manila kiunoni. Kamba ya kiunoni haimzuii mtu kuumia. Akianguka, hubana tumbo na mbavu na inaweza kumvunja uti wa mgongo. Mbinu rasmi ilitokana na vifaa vya wapanda milima na wapenya mapango, na ilipangiwa kanuni nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, mafundi walipohitajika kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Chama kilichoundwa wakati huo, IRATA, kinatambulika leo katika nchi nyingi.

Msingi wake ni kamba mbili. Ya kwanza hubeba mfanyakazi, ambaye huketi katika mkanda wa mwili mzima na kushuka kwa kifaa kinachobana kamba mara anapokiachia. Ya pili ni ya akiba: kifaa chake humfuata mfanyakazi na kushika iwapo kamba ya kwanza itakatika. Kila kamba hufungwa kwenye nguzo au boriti yake, kwa kuwa kamba mbili zilizofungwa kwenye nondo moja dhaifu ni sawa na kamba moja. Kanuni za IRATA zinataka kila kishikizo kihimili angalau kilonewton 15, yaani takribani uzito wa tani moja na nusu.

Adui mkubwa wa kamba ni ncha kali. Ukingo wa bati unaweza kuikata ikiwa imebeba uzito, hivyo hukingwa kwa gamba maalumu au turubai nene. Kamba za nailoni huharibiwa pia na jua kali na tindikali, ikiwemo maji ya betri. Hazifai kuhifadhiwa stoo moja na betri. Hukaguliwa kabla ya kila matumizi, na yenye shaka hukatwa vipande ili asije mtu akaiokota na kuitumia tena.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uokoaji. Mtu aliyezimia akining'inia katika mkanda anaweza kupoteza maisha baada ya muda mfupi, hata kama hana jeraha, kwa sababu damu hukusanyika miguuni. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mpango wa kumteremsha mwenzao unapaswa kuwa mikononi mwa wafanyakazi walio eneo hilo. Kwa sababu hiyo hakuna anayefanya kazi ya kamba peke yake. Katika mfumo wa IRATA wataalamu wako katika madaraja matatu, na kazi husimamiwa na wa daraja la tatu.

Kamba haimkingi mtu dhidi ya umeme wala radi. Laini za umeme zilizo karibu huzimwa kwanza, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hufuatiliwa, hasa msimu wa mvua, kwani mnara ni mahali pabaya pa kukutwa na ngurumo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, mwajiri ndiye anayegharamia vifaa kinga. Fundi hapaswi kukatwa fedha kwa ajili ya mkanda au kofia ngumu. Vivyo hivyo, michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipwa na mwajiri pekee. Kibarua anayeitwa kupanda paa kwa siku moja ana haki ya kuuliza, kabla ya kupanda, kamba ya pili imefungwa wapi na nani atamteremsha.