Daftari la Ugiriki na Safari ya Kuingia Yuro

Tarehe 19 Juni 2000, viongozi wa Umoja wa Ulaya waliokutana Santa Maria da Feira, kaskazini mwa Ureno, waliikubali Ugiriki kuwa nchi ya 12 kutumia sarafu ya yuro. Uamuzi huo ulisimama juu ya takwimu. Kwa mujibu wa hesabu zilizotoka Athens, nakisi ya bajeti ya mwaka 1999 ilikuwa asilimia 1.6 tu ya pato la taifa, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2. Januari 2001 Ugiriki ikaingia rasmi, kwa kiwango cha drakma 340.75 kwa yuro moja. Mwaka mmoja baadaye noti mpya zikawa mikononi mwa wananchi.

Miaka miwili tu kabla ya uamuzi huo wa Feira, nchi hiyohiyo ilikuwa imeshindwa. Masharti yalikuwa yamewekwa na Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari 1992: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 60, au liwe linapungua kwa kasi ya kuridhisha, mfumuko wa bei na riba visiachane mno na vya nchi zinazofanya vizuri. Mei 1998, zilipoteuliwa nchi 11 za kwanza za yuro, Ugiriki iliachwa nje. Serikali ya Waziri Mkuu Costas Simitis ikabana matumizi, ikauza hisa za mashirika ya umma, ikapunguza kodi za baadhi ya bidhaa ili bei zitulie. Juhudi hizo hazikuwa kiini macho. Mwaka 1990 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 20, na kushuka kwake kila mwenye kapu la sokoni alikuona.

Kasoro ilikuwa katika ukaguzi wenyewe. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya yenye makao Luxembourg, haikuwa na mamlaka ya kuingia Hazina ya nchi yoyote na kufungua vitabu. Mara mbili kwa mwaka kila serikali ilijaza majedwali ya nakisi na deni, ikayatuma. Wataalamu wa Luxembourg waliyasoma, wakauliza maswali, wakaangalia kama kanuni za uhasibu zimefuatwa. Majibu yakija, hawakuwa na uwezo wa kudai risiti. Huko Athens nako, idara ya takwimu ilikuwa chini ya wizara ileile ya uchumi na fedha iliyohukumiwa kwa takwimu hizo. Mtahiniwa alikuwa anasahihisha karatasi yake mwenyewe.

Machi 2004 serikali ilibadilika. Kostas Karamanlis akawa Waziri Mkuu, na waziri wake wa fedha, Giorgos Alogoskoufis, akaamuru hesabu za umma zipitiwe upya. Septemba, muda mfupi baada ya Michezo ya Olimpiki ya Athens kumalizika, takwimu zilizosahihishwa zikafika Luxembourg. Novemba Eurostat ikachapisha ripoti yake. Nakisi ya mwaka 1999, ule uliotumika kuamua uanachama, sasa ilikuwa asilimia 3.4. Ya mwaka 2000 ilipanda kutoka asilimia 2.0 hadi 4.1. Ya mwaka 2003 ilitoka asilimia 1.7 ikafika 4.6. Katika kila mwaka uliochunguzwa, kuanzia 1997, Ugiriki ilikuwa imevuka mpaka wa asilimia 3.

Fedha zilikuwa zimejificha wapi? Sehemu kubwa ilikuwa katika silaha. Ugiriki, yenye uhasama wa muda mrefu na Uturuki, ilinunua silaha nyingi kwa mikopo, lakini malipo mengi hayakuonekana katika matumizi ya serikali: yalipaswa kuandikwa vifaa vinapopokelewa, na habari za mapokezi zikabaki siri za kijeshi. Sehemu nyingine ilikuwa katika mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo ziada yake ilikadiriwa kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Kisha ikaja riba ya deni la taifa, ambayo sehemu yake haikuandikwa kabisa. Wakubwa wa serikali iliyotoka walijitetea kwamba kuandika silaha zinapopokelewa ni kanuni halali, na mwaka 2006 Eurostat yenyewe iliikubali kanuni hiyo kwa nchi zote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haifuti kosa la kutoandika matumizi wakati wowote ule.

Ugiriki haikufukuzwa, kwa kuwa mkataba haukuwa na kifungu cha kumtoa aliyekwisha kuingia. Tume ya Ulaya ilipotaka Eurostat ipewe uwezo halisi wa ukaguzi, serikali za nchi wanachama zilikubali nusu nusu tu. Hili ndilo kosa kubwa zaidi katika historia hii nzima, maana lilifanywa wakati ripoti ya 2004 iko mezani. Waliokataa kufunguliwa vitabu vyao waliulinda mlango ambao Athens ilikuwa imepitia.

Oktoba 2009 George Papandreou alishinda uchaguzi. Wiki chache baadaye nakisi ya mwaka huo, iliyotajwa Aprili kuwa asilimia 3.7, ilitangazwa kuwa 12.5. Aprili 2010 ikawa 13.6. Mei ikaja mikopo ya dharura ya yuro bilioni 110, pamoja na masharti yaliyokata mishahara na pensheni. Julai, nchi wanachama hatimaye zikaipa Eurostat haki ya kukagua vitabu.

Ofisi mpya ya takwimu, ELSTAT, iliyotenganishwa na wizara, ikapata mkuu wake Agosti 2010: Andreas Georgiou, aliyefanya kazi miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Novemba alitoa takwimu ya 2009: asilimia 15.4. Eurostat ikaipokea bila shaka yoyote. Nyumbani alishtakiwa kwa kuikuza nakisi ili kuiumiza nchi. Mahakama zilimwondolea shtaka hilo, likafufuliwa, likaondolewa tena. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kilichosimamishwa, kwa kosa la kutoipigisha bodi kura juu ya takwimu kabla ya kuzipeleka Luxembourg. Machi 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Ugiriki ilivunja haki yake ya kesi ya haki. Katika safari hii yote, aliyeandamwa kwa ukali zaidi ndiye aliyeandika hesabu sahihi.

Afrika Mashariki inayo sababu ya kuisoma historia hii. Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni asilimia 50, mfumuko wa bei asilimia 8, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya uagizaji. Itifaki hiyo inataka pia ofisi ya takwimu ya Jumuiya. Sarafu moja iliyopangwa kwa 2024 sasa imesogezwa hadi 2031. Muda huo unatosha kuipa ofisi hiyo mamlaka ya kufungua vitabu vya kila Hazina, na kuwawekea watakwimu wakuu wa kila nchi kinga ya kisheria. Wabunge wa Jumuiya wayadai hayo sasa, kabla ya nchi ya kwanza kupeleka majedwali yake.